Vivuli Vingi, Picha Moja: Namna Skaneri Inavyoona Ndani ya Kichwa



Mtu akianguka toka pikipiki katika njia ya Goma na Rutshuru na kugonga kichwa juu ya jiwe, pengine anasimama mwenyewe, anapanguza vumbi na kusema: "Mimi ni mzima." Ngozi haikupasuka. Damu haionekani. Jamaa zake wanafurahi na kumpeleka nyumbani. Lakini damu inaweza kutoka ndani, chini ya mfupa wa kichwa, mahali ambapo jicho halifiki. Inaongezeka polepole na kuufinya ubongo. Jioni mtu huyu anashikwa na usingizi mzito, na asubuhi hawezi kuamka.

Kwa ajili ya hatari ya namna hii munganga anaweza kumwandikia mgonjwa barua aende mji mkubwa kupigwa picha ya skaneri. Watu wengi wakisikia jina hili wanaogopa. Wengine wanasema: "Tumekwisha kupigwa radio hapa kwetu, na mfupa haukuvunjika. Kwa nini tutafute tena franka za picha ya pili?" Wengine wanadhani mashine hii inasoma mawazo ya mtu, au kwamba inaponya ugonjwa. Maneno haya yote si ya kweli. Soma basi pole pole, uone namna skaneri inavyofanya kazi yake. Ukifahamu jambo hili utafahamu pia kwa nini munganga anakuambia ufanye hivi na usifanye vile.

1. RADIO NI KIVULI

Simama juani wakati wa asubuhi, uangalie kivuli chako. Kinaonyesha umbo la mwili wako, lakini hakionyeshi macho wala vifungo vya shati. Ukishika mtoto mbele ya kifua chako, kivuli chake kinapotea ndani ya kivuli chako.

Picha ya eksirei, ambayo sisi tunaiita radio, nayo ni kivuli. Mwaka wa 1895 Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg katika Ujerumani, aligundua nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru hiyo ilipita ndani ya karatasi, ndani ya mbao, hata ndani ya nyama ya mkono. Hewa iliyo katika mapafu haiizuii karibu hata kidogo. Nyama na damu zinaizuia kiasi. Mfupa unaizuia sana, na chuma zaidi. Nuru inayofika upande wa pili wa mwili ndiyo inayoandika picha. Ndiyo sababu mifupa inaonekana myeupe na mapafu yanaonekana meusi.

Radio ni chombo chema. Inaonyesha mfupa uliovunjika, nayo inasaidia waganga kutambua kifua kikuu. Lakini ina udhaifu mmoja: vitu vyote vilivyo katika njia moja ya nuru vinalala kimoja juu ya kingine katika picha. Mbavu za mbele zinalala juu ya mbavu za nyuma. Moyo unafunika sehemu ya pafu.

Katika kichwa udhaifu huu ni mkubwa zaidi. Mfupa unauzunguka ubongo pande zote, kama chungu kinavyozunguka maharagi. Nuru lazima ipite mfupa ikiingia, tena ipite mfupa ikitoka. Damu na ubongo vinazuia nuru karibu sawasawa, na kivuli cha mfupa kinavifunika vyote viwili. Kwa hiyo kumbuka neno hili: radio ya kichwa ikionyesha mfupa mzima, haijasema bado kwamba ubongo ni mzima.

2. MILIMA INAYOANGALIWA TOKA PANDE MBILI

Mtu wa Rutshuru akiigeukia milima ya Virunga, anaona mlima Nyiragongo upande wa kuume wa mlima Mikeno. Mtu wa Goma akiigeukia milima ileile, anaona Nyiragongo upande wa kushoto wa Mikeno. Nani anasema uongo? Hakuna. Milima haikuhama. Kila mmoja anasema yale anayoyaona toka mahali pake.

Mtu anayekaa mahali pamoja tu hawezi kujua vizuri mlima upi uko karibu na upi uko mbali. Lakini watu hawa wawili wakikutana na kuweka ushuhuda wao pamoja, wanaweza kuanza kuchora ramani. Ushuhuda wa pili haukuvunja ule wa kwanza, uliutimiza.

Waganga wanafanya hivyo kila siku. Mtoto akimeza sarafu, au risasi ikibaki mwilini mwa mtu, wanapiga picha mbili: moja toka mbele, moja toka ubavuni. Picha ya mbele inasema kama kitu kiko kuume au kushoto, juu au chini. Haisemi kama kiko karibu na kifua au karibu na mgongo. Hilo linasemwa na picha ya ubavuni.

Kwa kipande kimoja cha chuma, pande mbili zinatosha. Lakini ubongo si kitu kimoja. Ndani yake kuna sehemu nyingi laini, mishipa, na vyumba vya maji, na vyote vinafanana mbele ya nuru. Hapo tunahitaji kuangalia toka pande nyingi sana. Tena tunahitaji namna ya kuweka pamoja shuhuda hizo zote bila kuzichanganya. Namna hiyo ni hesabu.

3. HESABU YA VYUMBA VINNE

Usiogope neno hesabu. Mtoto wa shule anaweza kufanya hii. Chukua karatasi na kalamu, uchore sanduku lenye vyumba vinne. Juu kuna vyumba viwili: A kushoto, B kuume. Chini kuna vyumba viwili: C kushoto, D kuume.

Rafiki yako ameweka mbegu za maharagi katika kila chumba, kisha amefunika sanduku. Hataki kukuambia kila chumba kina mbegu ngapi. Anakubali kukuambia jumla tu, mstari kwa mstari.

Unauliza toka ubavuni. Anajibu: mstari wa juu, A na B pamoja, una mbegu 5. Mstari wa chini, C na D pamoja, una 5. Basi sanduku zima lina mbegu 10.

Unauliza toka juu. Anajibu: upande wa kushoto, A na C, kuna 4. Upande wa kuume, B na D, kuna 6.

Je, sasa unajua? Pengine utasema: "A ina 2, B ina 3, C ina 2, D ina 3." Ujaribu: jumla zote zinapatana. Lakini mwenzako anasema: "Hapana, A ina 1, B ina 4, C ina 3, D ina 2." Ujaribu tena: nazo zinapatana! Majibu mawili, na yote yanakubaliana na shuhuda mbili. Pande mbili hazikutosha.

Uulize basi toka upande wa tatu, kwa mshazari. Rafiki anajibu: A na D pamoja kuna 3, B na C pamoja kuna 7. Sasa jibu la kwanza limeanguka, kwa sababu lilisema A na D ni 5. Jibu la pili limesimama.

Tena kuna njia ya kupata jibu bila kubahatisha. Chukua chumba A. Mistari inayopita ndani yake ni mitatu, na jumla zake ni 5, 4 na 3. Zijumlishe: 12. Ondoa mbegu zote za sanduku, yaani 10. Inabaki 2. Gawanya kwa mbili: 1. Hiyo ndiyo mbegu ya chumba A.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kwa sababu katika mistari ile mitatu A ilihesabiwa mara tatu, na kila chumba kingine kilihesabiwa mara moja. Ukiondoa sanduku zima mara moja, vyumba vingine vinatoka vyote, na A inabaki mara mbili.

Ufanye vilevile kwa B: 5 na 6 na 7 ni 18, ondoa 10, inabaki 8, nusu yake ni 4. Kwa C: 5 na 4 na 7 ni 16, ondoa 10, inabaki 6, nusu yake ni 3. Kwa D: 5 na 6 na 3 ni 14, ondoa 10, inabaki 4, nusu yake ni 2. Hukufunua sanduku, lakini umejua yaliyo ndani.

Hii ndiyo siri ya skaneri, wala hakuna uchawi ndani yake. Mahali pa mbegu za maharagi kuna nguvu ya kila sehemu ya mwili ya kuzuia nuru. Kama ubao mmoja unaacha nusu ya nuru ipite, mbao mbili zinaacha robo, na mbao tatu zinaacha sehemu moja ya nane. Kwa hiyo ukipima nuru iliyobaki, unaweza kusema: "Njiani kulikuwa na mbao tatu." Mashine inafanya hivyo kwa kila mstari wa nuru, inapata jumla ya kila mstari, kisha inaanza hesabu ya vyumba.

Tofauti ni wingi wa vyumba. Katika skaneri za kwanza, kipande kimoja cha kichwa kiligawanywa vyumba 80 kwa 80, yaani vyumba 6,400. Nuru ilipigwa toka pande 180, na kila upande ulipimwa mara 160. Hivyo vipimo vilikuwa 28,800 kwa kipande kimoja. Kwa vyumba vingi hivyo kanuni ni ndefu kuliko ile yetu, lakini mzizi ni uleule: jumla ya kila mstari inarudishwa juu ya njia ile iliyopita, kisha kinachozidi kinaondolewa.

4. WATU WALIOIFANYA HESABU HII

Mwaka wa 1917 Johann Radon, mwalimu wa hesabu wa Austria, alithibitisha jambo kubwa: ukijua jumla za mistari yote inayopita ndani ya kitu, unaweza kujua kitu chenyewe mahali kwa mahali. Hakuwa anawaza wagonjwa. Maandiko yake yalikaa katika vitabu vya wana hesabu, na waganga hawakuyajua.

Mtu wa pili alizaliwa katika Afrika. Jina lake ni Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1924. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Cape Town. Mwaka wa 1956 hospitali ya Groote Schuur, katika mji huo, ilikosa mtaalamu wa kusimamia kazi ya dawa zenye mionzi, kwa maana sheria ilitaka awepo. Cormack aliombwa kusaidia siku moja na nusu kila juma. Hapo aliona namna waganga walivyopanga kutibu kansa kwa nuru. Walihesabu kana kwamba mwili wote ni kitu cha namna moja, kama donge la ugali. Lakini mwili una mifupa, nyama na hewa, na nuru haifiki sawasawa kila mahali. Cormack aliona kwamba inahitajika ramani ya ndani ya mwili, tena ramani hiyo ipatikane kwa kupima toka nje.

Alijaribu na kitu rahisi: kipande cha mviringo cha aluminiamu kilichozungukwa na mbao. Alipima, akafanya hesabu. Matokeo yalikuwa mema, lakini katikati kabisa ya aluminiamu hesabu ilionyesha tofauti ndogo ambayo hakuitazamia. Akaenda kuuliza katika karakana walikotengeneza kipande kile. Wakamwambia kwamba katikati walitia kijiti cha aluminiamu ya namna nyingine kidogo. Hesabu ilikuwa imeona kitu ambacho mwenye hesabu mwenyewe hakukijua.

Cormack aliandika habari hizi mwaka wa 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyezijali. Barua moja ilitoka Uswisi, kwa watu wanaochunguza maporomoko ya theluji milimani. Walitaka kujua kama hesabu hii ingeweza kuwaonyesha yaliyo ndani ya theluji.

Mtu wa tatu ni Godfrey Hounsfield, mwana wa mkulima wa Uingereza, aliyekuwa mhandisi. Yeye hakujua kazi ya Cormack. Katika jaribio lake la kwanza vipimo 28,000 vilichukua siku 9, na kompyuta, yaani mashine ya kuhesabu, ilitumia saa mbili na nusu kutengeneza picha moja. Baadaye alijaribu na ubongo wa ng'ombe. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka wa 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alilala ndani ya mashine yake. Alikuwa mama aliyedhaniwa kuwa na uvimbe ubongoni. Picha ilionyesha uvimbe, na waganga walipopasua waliukuta.

Mwaka wa 1979 Cormack na Hounsfield walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya uganga. Wala mmoja hakuwa munganga.

Hesabu ya jamaa hii haikubaki hospitalini. Wanaochunguza volkano wanaitumia pia. Mahali pa nuru wanatumia mitetemeko ya nchi. Mtetemeko unapopita katika jiwe la moto lililoyeyuka unakawia, na ukipimwa toka mahali pengi, kukawia huko kunasaidia kuchora yaliyo chini ya mlima. Watu wa Goma wanakumbuka namna nchi ilivyotetemeka siku kwa siku baada ya Nyiragongo kutoa moto tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021. Mitetemeko kama ile inatia watu hofu, lakini kwa mtaalamu mwenye vyombo kila mmoja ni mstari mmoja wa hesabu.

5. SKANERI YA LEO

Sasa tazama utakayoyaona wewe mwenyewe. Utalala juu ya kitanda chembamba. Kitanda kitaingia polepole katika pete kubwa, iliyo wazi mbele na nyuma. Ndani ya pete taa ya eksirei inazunguka mwili wako, na vipimio vya nuru viko upande wa kuielekea. Utasikia sauti ya kuzunguka. Hutasikia maumivu. Kichwa chote kinapimwa kwa muda mfupi sana, pengine sekunde chache tu.

Kisha kompyuta inatoa picha za vipande, kimoja baada ya kingine, kama mkate uliokatwa. Munganga anaweza kuangalia kipande cha juu, cha katikati au cha chini bila kukugusa kwa kisu.

Kila chumba katika picha kina namba yake. Maji yamepewa 0. Hewa imepewa 1,000 chini ya 0. Mfupa mgumu unafika mamia mengi, hata kupita 1,000. Ubongo una 30 au 40 hivi. Damu mpya iliyotoka katika mshipa ina 50 hadi 70 hivi. Angalia vizuri: kati ya ubongo na damu tofauti ni ndogo sana. Radio haiwezi kuionyesha. Skaneri inaweza, kwa sababu imeuliza toka pande nyingi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwambia munganga: "Hapa kuna damu. Fanya haraka."

6. KWA NINI UNAAMBIWA USISOGEE

Kumbuka sanduku la maharagi. Kama rafiki yako, baada ya jibu la kwanza, akitoa mbegu moja katika A na kuitia katika C, majibu yake hayatapatana tena. Hesabu yako itakosea, hata kama umejumlisha vizuri. Ndivyo ilivyo ukigeuza kichwa wakati taa inazunguka. Upande mmoja umeshuhudia kichwa mahali hapa, upande mwingine mahali pale. Picha inatoka na mistari na ukungu, na pengine lazima kupigwa tena. Basi lala kimya. Ukiambiwa kushika pumzi, shika. Kama mgonjwa ni mtoto mdogo, mama amsaidie kwa namna atakayoonyeshwa.

Vyuma navyo vinaharibu hesabu. Nuru ikikutana na chuma karibu yote inazuiwa, na mashine haiwezi kujua ni nini kilicho nyuma yake. Kwa hiyo ondoa hereni, mikufu na vibanio vya nywele kabla ya kuingia. Kama una chuma ndani ya mwili ambacho hakiondoki, umwambie munganga.

Mara nyingine dawa inatiwa katika mshipa ili damu ionekane vizuri zaidi. Unaweza kusikia joto mwilini, linapita. Lakini kama una ugonjwa wa figo, au dawa ya namna hiyo iliwahi kukuletea shida, sema kabla ya sindano.

7. JE, NURU HII INA HATARI?

Nuru ya eksirei ikizidi inaweza kuumiza mwili. Tusifiche jambo hili, wala tusiliongeze. Kila mtu anapokea mionzi kidogo kila siku toka ardhini na toka angani. Radio moja ya kifua ni kama mionzi ya siku chache. Skaneri moja ya kichwa inakaribia mionzi ya mwaka mmoja. Hiyo si sababu ya kuikataa wakati maisha yako hatarini. Lakini ni sababu ya kutoitafuta bure.

Mama mwenye mimba, au anayedhani ana mimba, aseme kabla ya kupigwa picha yo yote. Usione haya.

Usidai skaneri kwa kila maumivu ya kichwa. Maumivu mengi yanatoka katika malaria, homa, macho au uchovu, na kipimo cha damu kinaweza kufaa zaidi. Kama umekwisha kupigwa picha zamani, uzilinde mahali pakavu na uzilete. Picha ya zamani inaweza kukuokoa na nuru ya pili na gharama ya pili.

8. SKANERI SI DAWA

Skaneri inaonyesha, haiponyi. Tena haisemi yote. Munganga bado anahitaji maneno yako: ulianguka saa ngapi, ulipoteza akili au hapana, ulitapika mara ngapi. Maneno yako nayo ni ushuhuda, na yanaungana na ushuhuda wa mashine. Mgonjwa anayeficha habari anamnyima munganga upande mmoja wa sanduku.

Kama mtu amegonga kichwa, mwangalieni sana siku hiyo na usiku huo. Mpelekeni upesi katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu kama mkiona hata moja ya dalili hizi:

Alipoteza akili, hata kwa dakika moja.
Maumivu ya kichwa yanazidi.
Anatapika tena na tena.
Anasinzia sana, au ni vigumu kumwamsha.
Anasema maneno yasiyo na maana, au hatambui watu.
Ana degedege.
Mkono au mguu wa upande mmoja umekuwa dhaifu.
Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jicho la pili.
Damu au maji meupe yanatoka katika sikio au pua.
Mtoto mchanga analia bila kunyamaza, au hataki kunyonya.

Msimpe pombe. Msimwache alale peke yake. Msingoje mpaka franka za skaneri zipatikane ndipo mwende hospitali; nendeni kwanza. Munganga anaweza kuanza kumsaidia kabla ya picha, naye atajua kama safari ya kilomita 70 hivi toka Rutshuru hadi Goma inafaa, na namna ya kumsafirisha. Kama ameumia sana, msimketishe juu ya pikipiki. Mlazeni juu ya kitu kilichonyoka, na shingo isipindwe.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini radio ya kichwa inaweza kuonekana njema, na hata hivyo damu iko ndani?
2. Mtu wa Goma na mtu wa Rutshuru wanaona milima ileile kwa mpango mbalimbali. Jambo hili linatufundisha nini juu ya picha?
3. Katika sanduku la maharagi, kwa nini pande mbili hazikutosha?
4. Jaribu hili: A na B ni 8, C na D ni 4, A na C ni 3, B na D ni 9, A na D ni 5, B na C ni 7. Kila chumba kina mbegu ngapi? (Jibu: A 2, B 6, C 1, D 3.)
5. Kwa nini mgonjwa lazima alale bila kusogea, na aondoe hereni zake?
6. Taja dalili tano za hatari za mtu aliyegonga kichwa. Uwafundishe watu wa nyumbani mwako leo, kabla hazijahitajika.